Dakika kumi na nane

Jana usiku niliandika kwenye daftari la zamu: 9:18. Kichwani mwangu ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nane, maana miaka yote hii ya Edmonton, Kanada, bado nahesabu kwa saa za Tanga, kisha ndiyo nabadilisha. Nyumba ninayolinda ni ya wafungwa wanaomalizia kifungo nje ya gereza, na mwisho wao wa kurudi ndani ni saa tatu kamili.

Aliyechelewa ni mtu mzima, Mcree, mmoja wa wenyeji wa asili wa kaskazini mwa jimbo hili la Alberta, umri wake sawa na wa baba yangu mdogo. Alisimama mlangoni barafu imegandia ndevuni, akajieleza kabla sijafungua kinywa. Basi halikuja, simu imezimika kwa baridi, lililofuata likakawia. Nje ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Nilimwamini. Hata hivyo niliandika 9:18, na chini yake nikaeleza habari ya basi. Ofisa wake wa parole, anayesimamia kuachiliwa kwake kwa masharti, atasoma asubuhi, na akiamua, anasimamisha ruhusa yake na polisi wanakuja kumrudisha gerezani.

Kisha nikampekua mifuko, kama utaratibu unavyotaka. Kwetu mtu huyu ningemwamkia shikamoo. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Hapa mgeni ndiye kashika funguo, na mwenyeji anasaini kila akitoka.

Nyumbani nikisema nafanya kazi kwenye nyumba ya mpito, wanadhani ni ya wagonjwa. Ni nyumba tu, ina jiko na makochi yaliyochoka. Wengi wanaletwa wakiwa wametumikia theluthi mbili za kifungo. Iliyobaki wanaimalizia mtaani kwa masharti. Yetu ni ya wenyeji wa asili. Katika kila Wakanada 100 wao ni kama 5, lakini kwenye magereza ya serikali kuu wanakaribia theluthi moja, na upande wa wanawake karibu nusu. Mwaka 1999, katika kesi ya Gladue, Mahakama ya Juu iliwataka majaji wapime historia ya watu hawa kabla ya kuwafunga. Sehemu yao gerezani imezidi kupanda tangu hapo.

Historia yenyewe naijua kwa kipande anachonisimulia huyu aliyechelewa tukiosha vyombo. Bibi yake, kokum, alipelekwa shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili, mmoja wa watoto zaidi ya 150,000 waliopitia shule hizo. Huko ukisema lugha yako unachapwa. Alipokuja kulea wajukuu hakuwafundisha hata neno. Aliona anawaepusha na fimbo. Sasa mjukuu ana mvi na ndiyo kwanza anasoma Kicree darasani, jioni mara moja kwa wiki.

Huko ndiko alikotoka jana.

Asubuhi alinikuta jikoni akaniomba niifunike kengele ya moshi. Tuna kifuniko cha plastiki kwa kazi hiyo, baada ya siku ile wazimamoto walipotujia na gari zima kwa sababu ya majani. Akawasha seji, majani yao ya kufukizia, ndani ya kombe la baharini, akauvuta moshi kwa viganja: kichwani, machoni, kifuani. Mimi mtoto wa nyumba yenye chetezo, harufu siyo ya udi lakini mikono ile naijua. Ni ya mama, Alhamisi jioni.

Sikumwomba radhi kwa ile 9:18. Sijui ningeombaje, ningeandika 8:59 ningekuwa mwongo, na siku wakigundua, hakuna neno langu lingemsaidia tena mtu yeyote humu.

"Wanafungua saa ngapi?" akauliza. Ofisi ya parole, alimaanisha.

"Saa tatu," nikajibu kwa Kiswahili bila kukusudia, kisha nikajisahihisha.

Akacheka. Akaanza kupanga vikombe vya chai mezani huku akihesabu, pêyak, nîso, nisto, akakwama kwenye cha nne, akarudi mwanzo. Ilikuwa bado dakika ishirini.