Supu Kwanza, Wali Baadaye

Mdogo wangu amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: nikija likizo nimletee yale matunda madogo mekundu ya Kichina, yaliyokaushwa, eti yanasafisha damu. Dar yapo, anasema, ila bei yake haishikiki.

Nitamletea. Gouqi, ndivyo yanavyoitwa, hapa Guangzhou kusini mwa China si kitu cha ajabu, yanatoka Ningxia huko kaskazini na kila jiko ninalolijua lina kopo lake. Ila nimekula sana mezani pa watu hawa, na naona gouqi ndiyo yenye kazi ndogo kuliko vyote. Wanatupia kiganja kimoja kwenye supu dakika chache kabla ya kuzima moto, basi. Kama kuna afya katika chakula chao cha nyumbani, imo kwenye mambo ambayo hayafungwi kwenye pakiti.

Leo nilikuwa na supu. Kuku huwa namnunua mwenyewe siku ya Ijumaa, nje ya msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo kwa mapokeo ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Sala ikiisha, barabarani panakuwa soko: nyama halali, mikate, mishikaki, na lugha zote za Afrika masikioni. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, ninayemwita ayi kama wanavyoitwa hapa wanawake wa rika la mama zetu, hupanda kuja kunisimamia. Tunapika kwangu, kwenye sufuria yangu, maana supu yake yeye ni ya mbavu za nguruwe, na hilo alilielewa bila maneno mengi.

Kuku anakatwa vipande, anatiwa kwenye maji baridi, yanachemka, povu linapanda, maji yote yanamwagwa na vipande vinaoshwa. Hapo mkono wangu wa Kitanga bado unasita, maana kwetu maji ya kwanza ya kuku ndiyo utamu wenyewe. Kisha maji mapya, vipande vya tangawizi, huaishan iliyokaushwa ambayo ni ndugu wa kiazi kikuu chetu, na tende nyekundu, ambazo kwa ukoo si tende hata kidogo bali jamaa wa kunazi. Kokwa lazima zitolewe. Ayi anasema kokwa zinaleta moto mwilini. Moto mkali hadi ichemke, halafu unashushwa kabisa, saa mbili, na usifunuefunue. Chumvi inaingia mwisho. Hakuna kukaanga kitunguu, hakuna bizari, hakuna tone la mafuta.

Inanywewa kabla ya wali, bakuli zima. Ukifika kwenye wali njaa imeshalegea, na nyama inatosha kipande kimoja kidogo cha kuonja. Mimi naona hapo ndipo siri ilipo, kuliko kwenye huaishan au tende. Na hata supu yenyewe isitukuzwe kupita kiasi: madaktari wa hapa huwaonya wenye jongo wakae mbali na supu za nyama zilizochemka muda mrefu, kwa sababu purini za nyama, vile vitu vinavyochochea jongo, huhamia majini.

Habari ya vyakula vya moto na vya baridi, yaani vinavyosemwa kuupasha au kuupoza mwili, siibishii, wala siisadiki yote. Bibi zetu wa pwani nao wana orodha yao ya vya baridi na vya moto, na hakuna aliyewahi kushinda mjadala nao. Ayi akiniona na matunda ya litchi mengi, ambayo kwao ni ya moto, ananipa chai ya majani machungu, nainywa. Basi.

Kitu ambacho ningemfundisha mdogo wangu leo hii, bila kununua chochote, ni yai la mvuke. Vunja mayai, ukipimia maji kwa nusu ganda: kwa kila yai, nusu ganda tatu za maji ya uvuguvugu. Piga taratibu bila kutoa povu, chuja, funika bakuli kwa sahani ili matone ya mvuke yasiangukie juu, weka juu ya maji yanayochemka kwa moto mdogo dakika kumi hivi. Linatoka laini, linatikisika kidogo katikati. Juu yake sosi ya soya kidogo, matone ya mafuta ya ufuta, na vitunguu majani. Ufuta huo huenda umetoka Lindi au Mtwara, maana China ni mteja wetu mkubwa.

Mboga za majani ndiyo rahisi zaidi: maji yanayochemka, tone la mafuta, dakika moja hivi, zinatolewa zikiwa bado kijani kibichi na mashina yanalia mdomoni. Mama angesema mbichi. Lakini wanakula sahani nzima ya mboga, si kijiko cha pembeni ya ugali, na kila siku.

Kinachoniudhi ni sosi ya soya. Mwongozo wa lishe wa China wa mwaka 2022 unataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na kijiko kimoja cha chakula cha sosi hiyo kinabeba zaidi ya gramu 2. Ayi ana kile kijiko kidogo cha kupimia chumvi na anakitumia kwa nidhamu ya askari, halafu sosi anaimimina kwa jicho. Nikimwambia, anajibu kwamba sosi si chumvi, ni ladha.

Sasa hivi jikoni zipo choroko, nimeziloweka. Wao huzichemsha ziwe maji maji, wanatia sukari ya mawe kidogo na kuzinywa kupoza joto la kiangazi. Kesho nitazipika kwa tui, kama kwetu, na nimemwahidi ayi bakuli. Swali lake la kwanza lilikuwa nazi ni ya moto au ya baridi. Nimelirusha swali nyumbani kwa ujumbe wa sauti; mama amejibu moja kwa moja kwamba hilo linategemea na wewe umeamkaje, na ayi, nilipomtafsiria, amekubali kwa kichwa kama mtu aliyesikia daktari akizungumza.