Bado wanaicheka Berwyn

Nyie mliokulia Chicago wakati wazee wetu wako masomoni, mnamkumbuka Son of Svengoolie wa chaneli 32, yule mchekeshaji aliyetuonyesha filamu za kutisha? Basi yupo! Nimerudi Oak Park, mji ulio pembeni mwa Chicago, baada ya kuzeekea Moshi, nikawasha televisheni Jumamosi, nikamkuta mwenyewe, Rich Koz, anachomoza kwenye jeneza na kofia yake ndefu, macho kayazungushia weusi, kuku wa mpira wanamwangukia kila akitoa kichekesho kibovu. Kavuka miaka 70 na kuku bado wanamwandama.

Lile "Son of", yaani "mwana wa", kaliacha zamani, siku hizi ni Svengoolie tu. Mwaka 1986 kipindi kilipofutwa, nasi tukafungasha, nikadhani yameisha yote mawili. Kumbe alirudi hewani katikati ya miaka ya 90, na tangu 2011 mtandao wa televisheni wa MeTV unamwonyesha nchi nzima. Saa moja jioni, watoto hata hawajaoga! Svengoolie wa kwanza, Jerry G. Bishop, alianza 1970 na kipindi cha usiku mnene.

Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka akataja Berwyn, mji jirani na Oak Park. Mnaijua ile sauti, "Beeeerwyn!", ya kuvuta kama mtu anayeita mbuzi. Utani wa tangu enzi za Bishop: mji wa soksi nyeupe, muziki wa polka na flamingo wa plastiki bustanini. Mimi na kaka tuliuigiza hadi tukafokewa.

Baba hakucheka hata siku moja. Kwetu, ng'ambo ya Roosevelt Road ndiyo Berwyn yenyewe, na amri yake ilikuwa fupi: "Jua likizama, hakuna kuvuka." Nikitumwa dukani upande ule, alisimama kizingitini, mkono kwenye kitasa, mpaka nirudi na mkate. Nilidhani ni ukali wa wazee wa kwetu. Juzi ndiyo nimesoma kwa makini habari za Cicero, mji unaopakana na Berwyn. Julai 1951 familia moja ya weusi ilijaribu kuhamia pale. Maelfu ya watu wakalizingira jengo, samani zikatupwa dirishani na kuchomwa, gavana akaita jeshi. Wengi wa watu wale walikuwa hai tulipokuwa tukicheka soksi zao. Kipindi kiliwafanya waonekane wapole mno, wazee wa polka tu.

Sasa zaidi ya nusu ya Berwyn ni Walatino. Mkija, nendeni Cermak Road mle tacos, na mvuke barabara saa mnayotaka. Ila msiwaulize wazee wa pale kama zamani palikuwa pazuri. Watawajibu ndiyo, tena kwa machozi, nanyi mtakosa pa kuyaweka macho.

Nimemrushia kaka ile "Beeeerwyn!" kwa WhatsApp. Kanijibu vicheko vitupu. Yeye alikuwa mdogo, hakuwa akitumwa dukani.