Kamande Zilezile, Kitunguu Tofauti

Jumapili jioni

Kamande za Nyamakima, mtaa wa wauza nafaka Nairobi, ni zilezile kwa kila mpishi. Kinachozipa kabila ni kitunguu.

Kwa mapishi yetu ya kila siku hapa Nairobi, kitunguu kimoja kikubwa hukaangwa mpaka kianze kugeuka rangi, ndipo saumu, nyanya mbili na dhania, kisha kamande za kahawia zilizokwisha kuiva kwenye sufuria nyingine. Ziive kwanza, maana nyanya zina asidi, na asidi huzuia pektini, ile gundi inayoshikamanisha chembe za kamande, isilainike. Ukizitia mbichi ndani ya nyanya, gesi itaisha na katikati zingali ngumu. Tena huku juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Dakika 25 za Mombasa hapa huwa 35, na kamande zilizokaa ghalani muda mrefu hupita hapo. Magadi huharakisha, sawa, lakini huzifanya ziponde na kuacha ladha kama ya sabuni. Sioni haja.

Kwa misir wot, mchuzi mzito wa kamande wa Waethiopia, kikombe kimoja cha kamande nyekundu zilizokobolewa hutaka vitunguu vitatu vilivyokatwa vidogo mno. Vinapikwa kwenye sufuria kavu, bila mafuta, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, na kijiko cha maji kila vinaposhika chini. Hapa ndipo wengi hukosa subira, na mchuzi unakuwa mwepesi. Vikishakuwa rojo, tia samli na vijiko viwili vya chakula vya berbere, unga wa pilipili na viungo vya Kihabeshi (mtaani Eastleigh ipo), kaanga dakika tatu ukali wa unga uishe, ndipo kamande na vikombe vitatu vya maji.

Mujaddara ya Walebanoni, yaani kamande na mchele, ni kinyume: vitunguu vyembamba, mafuta mengi, mpaka vikaribie rangi ya kahawa. Viopoe mapema kidogo, vitazidi kukolea vikiwa nje. Kamande za kahawia huchemshwa dakika 20 kabla ya kutia mchele. Nyekundu hazifai, zitakuwa uji.

Dali ya Kihindi haina ugumu, ila tadka, yaani viungo vilivyokaangwa kwa mafuta, huja mwisho: mafuta ya moto, kijiko cha chai cha jira, ikianza kupasuka tia saumu, ikiwa ya dhahabu mimina juu ya dali na ufunike papo hapo. Saumu ikiwa nyeusi, mwaga mafuta hayo uanze upya. Uchungu wake haufichwi na dhania.