Lile joho, na vile vitabu

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 2 Timotheo 4:9-21. Lisomeni lote kabla hamjaendelea, si refu.

Paulo yuko kifungoni na anajua hatoki. Aya chache nyuma amesema wazi kwamba wakati wa kufariki kwake umefika. Dema amemwacha, Luka peke yake ndiye amebaki naye. Na katikati ya mambo mazito hivyo anamwagiza Timotheo mzigo: joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Joho tunalielewa, maana baridi inakuja, aya ya 21 yenyewe inasema. Lakini vitabu? Mtu anayengoja kuuawa anataka kusoma nini tena?

Kwa Kiyunani, vitabu hivyo Paulo ameviita ta biblia. Ndilo neno lililo kwenye jalada la Biblia uliyo nayo hapo mezani. Siku zile halikuwa na utukufu wowote. Lilitaja gombo, kitabu, hata karatasi ya kawaida ya kisheria. Mafarisayo wanapomuuliza Yesu habari za hati ya talaka katika Mathayo 19:7, neno ni hilo hilo, biblion. Cheti cha talaka! Mimi hilo lilinishtua, kisha likanifurahisha.

Asili yake iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Biblos ni jina la Kiyunani la mafunjo, haya haya ambayo Waluo wanayaita togo na yamejaa kando ya ziwa pale Dunga, mwendo mfupi kutoka mjini Kisumu. Sisi tunayakata, tunayaanika, tunasuka mikeka na viti. Ukiuchana ubua wake, ambao una pembe tatu, ndani utakuta kiini cheupe, laini, chenye unyevu. Hicho ndicho Wamisri walichokitafuta. Walikikata vipande vyembamba virefu, wakavipanga kimoja ubavuni mwa kingine, wakalaza safu ya pili juu yake kwa kukingama, wakagandamiza na kukausha hadi ikawa karatasi. Maji ya ziwa letu hutokea Jinja na kushika njia ya Nile mpaka huko Misri. Ajabu ni kwamba siku hizi mmea huo karibu umetoweka porini Misri, na kwetu bado wenye mitumbwi wanalalamika kwamba unawazibia njia.

Karatasi hizo zilikuwa bidhaa ya meli. Bandari moja ya Wafoinike, iliyo Lebanoni ya leo, Wayunani waliiita Byblos, sawa na mafunjo yenyewe. Katika Agano la Kale mji huo ni Gebali, na mafundi wake wanatajwa katika 1 Wafalme 5:18 wakichonga mawe ya hekalu la Sulemani.

Kwa hiyo jina tunalolitamka kwa heshima kubwa lilianzia kwenye matope. Nalisema hili kwa sababu wapo kati yetu wanaoilaza Biblia chini ya mto wa mtoto mchanga ili asiote vibaya, na wengine wanaiweka mbele kwenye dashibodi, imefungwa tangu Krismasi, iwalinde na ajali. Simcheki mtu, hofu za usiku na za barabara ya Nakuru tunazijua sote. Ila Paulo hakuagiza vitabu vimlinde. Aliagiza avisome.

Tena ni vitabu, kwa wingi. Kilatini ndicho kilichoyachukua yale maneno ya wingi kikayafanya jina la kitu kimoja, nasi tukapokea hivyo: Biblia yangu, Biblia yako. (Kiswahili kina mchezo wake pia. Kitabu ni neno la Kiarabu, lakini babu zetu waliisikia ile ki- wakaona ni yetu, wakasema vitabu.) Kumbe tumebeba barua, nyimbo, sheria, orodha za koo, maono na malalamiko, vilivyoandikwa na watu wengi kwa karne nyingi. Barua inataka kusomwa kama barua, yote kwa mkupuo. Sisi tunachomoa aya moja ya Yeremia, tunaituma asubuhi na picha ya maua, na aliyeipokea hajui Yeremia alikuwa anawaandikia watu waliohamishwa Babeli.

Angalia Luka 4:17. Pale Nazareti Yesu anapewa "chuo cha nabii Isaya". Vijana, hicho si chuo kikuu, ni gombo. Analifungua, anatafuta mahali, anasimama kulisoma mbele ya watu, kisha anaketi ndipo afundishe. Kusoma kulitangulia mahubiri, na kulikuwa kwa sauti.

Basi Alhamisi tukikutana tutafanya hivyo. Tutasoma Filemoni, aya 25 tu, mtu mmoja asome mwanzo hadi mwisho na wengine wasikilize bila kufungua simu. Mama mwenye nyumba ameomba asome yeye. Halafu tutaulizana: Onesimo alipoifikisha barua hii mlangoni kwa bwana wake, nani aliisoma kwa sauti, na yeye alikuwa amesimama wapi?