Siku mzee fundi redio alipoikosoa Arduino

Hii ilikuwa nikiwa chuo hapa Dar, nimepata kwa shida bodi ya kuchomeka juu ya Arduino Uno (kibao kidogo cha elektroniki unachokipakia programu), ile yenye kitako katikati cha kukalisha XBee, kifaa kidogo cha redio cha kurusha data. Ilikuja tupu, pini zinauzwa pembeni kama mstari mmoja mrefu, unavunja mwenyewe kwa koleo vipande vya 8, 8, 6 na 6 halafu unalehemu. Pasi ya kulehemu ya chuo ilikuwa na foleni hadi basi, nikaenda zangu Magomeni kwa mzee mmoja fundi redio, rafiki wa baba.

Shikamoo, marahaba, kaeni. Akavaa miwani akaigeuza bodi, "mbona haina spika hii?" Nikamwambia mzee hii inarusha data tu hewani. Akaguna. Akaanza kuzipanga pini kwa macho, ghafla akasimama, akaweka kidole kati ya tundu la 7 na la 8. "Aliyechora hapa kakosea."

Nilicheka mpaka majirani wakageuka, maana ni kweli kabisa! Matundu yote yameachana milimita 2.54 ila pale ni kama 4.06, kosa la mchoro wa mwanzo huko Italia, Arduino ilikoanzia mwaka 2005, na likaachwa hivyohivyo kwa sababu bodi za kuchomeka zilishaanza kutengenezwa kulifuata. Dunia nzima imekubali kuishi nalo, mzee kaliona kwa dakika mbili.

Ndo maana bredibodi (ubao wa matundu wa kujaribia saketi bila kulehemu) haifai kunyooshea pini za bodi hii, haina ile nafasi. Tukazichomeka kwenye Uno yenyewe upande mrefu chini, ile bodi tukailaza juu, ncha fupi zikachungulia. Mzee akagusa pini moja moja kwenye kila kona kwanza, akainama kuangalia kama imekaa sawa, ndo akamalizia zilizobaki, risasi ya kulehemu inateleza yenyewe inazunguka pini inang'aa. Alipofika kwenye GND, pini ya ardhi (hasi) ya saketi, akapunguza spidi, akaacha ncha ya pasi ikae zaidi. "Huu unakunywa moto." Na ni hivyo, GND imeungana na eneo pana la shaba la bodi, moto unakimbilia huko, ukiharakisha risasi inakaa juu kama uji uliopoa na haijashika chochote. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza hilo vizuri vile.

Basi nikasukuma swichi ndogo kuitoa XBee kwenye njia maana inatumia pini 0 na 1 zilezile zinazopitisha programu kutoka kwenye laptop, nikapakia, nikairudisha, XBee ya pili iko kwenye laptop. Nikamwachia laptop nikatembea na Uno na betri ya volti 9 kuelekea barabarani, yeye anasoma kwa sauti namba zinazofika hewani kwenye laptop, mtaa mzima unasikia. Nilipokata kona nyuma ya ukuta kimya. Nikarudi, akawa ameshachomoa antena ya redio mbovu ananinyooshea, "funga hii."

Nikamwambia mzee masafa haya ni gigahezi 2.4, robo ya wimbi ni sentimita 3 tu, ule waya mfupi wa XBee ndo saizi yake, ukirefusha hovyo unaharibu. Akaniambia yeye kafunga antena kabla sijazaliwa. Tulibishana mpaka maghrib, na hela ya kulehemu akakataa kupokea ila ile antena alinilazimisha niondoke nayo.