Noti ya pauni 20 ndo ilinipeleka kwenye picha za kuchora

Mi picha za kuchora nlikua sina habari nazo kabisa, nyumbani Pangani ukutani tulikua na kalenda na picha ya Makka basi. Sasa nipo London nafanya kazi ya usafi, siku moja nimelipwa keshi naigeuza noti ya pauni 20 naona kijana wa kizungu kajifunga kitambaa shingoni na nyuma yake meli ya zamani ya milingoti. Ile meli ndo ilonishika. Mjomba wangu alikua nahodha wa jahazi, kwahiyo chombo cha matanga nikikiona popote lazima nisimame.

Kuuliza uliza nkaambiwa huyo ni Turner, mchoraji wa Kiingereza, na picha yake ya ile meli ipo National Gallery, jumba la picha pale Trafalgar Square, kuingia bure, Ijumaa wanafunga saa tatu usiku. Siku ya kwanza niliharibu. Nlizunguka vyumba kama mtu anayetafuta bei sokoni, nikatoka miguu inauma na sikumbuki hata picha moja, na zile za wanawake uchi nlikua nazipita mbio utadhani mama yuko nyuma yangu.

Ijumaa iliyofuata nikasema leo naangalia moja tu. Nkakaa mbele ya The Fighting Temeraire, ndo ile meli ya kwenye noti, Turner aliichora 1839. Ni manowari iliyopigana vita ya Trafalgar 1805, hapo imeshazeeka inavutwa na kistima cheusi kwenda Rotherhithe, hapa hapa London, kuvunjwavunjwa. Nilivyoisogelea (gadi ananiangalia) nkaona kitu: meli yenyewe kaipaka rangi nyepesi mpaka imekua kama mzimu, ila upande wa jua linakozama rangi imejazana nene, ukisimama ubavuni unaona imetuna. Yaani kitu kizito kakifanya chepesi, na mwanga ambao haushikiki ndo kaupa uzito. Hapo kidogo nikaanza kuelewa hawa watu walikua wanafanya nini.

Nikaipiga picha nikamrushia mjomba WhatsApp, shikamoo mjomba, ona chombo hiki. Akanijibu kwa sauti, "Marahaba mjomba, mbona hicho kistima chimni iko mbele mlingoti uko nyuma, nani kakiunda hivyo?" Nikacheka sana ila nilivyofuatilia kumbe kweli, hata fundi aliyekuja kuichonga picha hiyo kwa ajili ya kuchapisha aliirekebisha, akavibadilisha nafasi. Na meli siku ile ilishatolewa milingoti yote na ilivutwa na stima mbili. Turner alijua anachotaka, mjomba mpaka leo hajakubali.

Kuanzia hapo nikawa naanzia ninachokijua. Kuna moja ya Willem van de Velde, Mholanzi, ya 1661, maji yamekupwa, vyombo vipo karibu na ufukwe na wanaume wanaoga, bahari shwari kabisa. Hiyo sikuhitaji maelezo ya mtu, ile hali ya kusubiri maji yajae naijua tangu mdogo, matanga yamelegea na watu hawana haraka.

Za mashamba zilinipa tabu, miti na ng'ombe, miti na ng'ombe. The Hay Wain ya Constable, mchoraji mwingine wa Kiingereza, nliipita mara tatu nne mpaka siku moja nikaacha kuangalia lile gari la farasi katikati ya maji nikaangalia kule mbali kulia, kuna watu wadogo kama sisimizi wapo kazini kwenye majani, jua limewapiga. Sasa nikifika huwa naanza na hao.

Na watu? Aibu imepungua haijaisha. Ila kuna mwanamke aliyechorwa na Rembrandt, Mholanzi mwingine, 1654, anaingia mtoni kaipandisha shemizi juu ya magoti asiilowanishe, kainamisha uso anayatazama maji na kama anatabasamu. Mkono wake mmoja ukiukaribia ni mipako michache tu ya brashi, haraka haraka, unaweza kusema hajamaliza. Rudi nyuma hatua tano, mkono huo hapo umeshika nguo. Nimefanya hivyo mbele na nyuma sijui mara ngapi, mpaka gadi akaniuliza kama nimepoteza kitu.