Malalamiko ya meneja si swali la utafiti

Jumanne, usiku

Meneja akisema "vijana wanaacha kazi kwa sababu ya mshahara," ameshakupa tatizo na jibu lake kwa pumzi moja. Anayejifunza utafiti wa menejimenti huyabeba yote mawili kama yalivyo, anaandika "Athari za mshahara katika...", na wiki haijaisha dodoso, yaani karatasi ya maswali, liko kwa mtu wa fotokopi. Kazi imeshaharibika hapo, ingawa mwenyewe atakuja kuligundua hilo kwenye sura ya nne, ya matokeo.

Chukua kampuni ya mfano: maduka sita, wastani wa wafanyakazi 184 kwa mwaka, walioacha 46. Hiyo ni asilimia 25, na peke yake haisemi kitu. Fungua mafaili. Kwa kila aliyeondoka andika tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka, duka na zamu. Tuseme 29 kati ya hao 46 waliondoka kabla ya kutimiza miezi mitatu. Mshahara waliujua tangu siku ya kusaini mkataba (makato huenda hawakuyajua, nalo ni la kuulizia), kwa hiyo kuna kitu walikikuta ndani. Swali sasa ni lingine: mgeni anakutana na nini katika siku 90 za kwanza, na mbona kuna duka ambalo wageni wake hawakimbii? Siku mbili za kukaa masijala zimetoa kitu ambacho madodoso 200 yasingekitoa.

Kinachonikera zaidi ni nani anaulizwa. Madodoso hugawiwa waliobaki, kisha tunaandika sababu za walioondoka! Kanuni ya Yamane ya 1967, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, haiwezi kuliponya hilo. Kwa watu 184 na kosa la asilimia 5, unagawanya 184 kwa 1.46 unapata 126, namba inayopendeza kwenye sura ya tatu, ya mbinu. Lakini kanuni inachukulia kwamba hao 126 wamechaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Ukiwaokota waliokuwepo zamu ya asubuhi, 126 ni idadi tu, haiwi sampuli ya kampuni. Na kwa watu wachache kiasi hiki, waulize wote.

Walioondoka watafutwe kwa simu zilizoko kwenye mafaili. Nyingi hazitapatikana, lakini hata 12 au 15 wakikubali, mazungumzo marefu yana faida. Usianze na "kwa nini uliacha?" Utajibiwa "maslahi", neno la heshima lisilomuudhi yeyote. Anza na "wiki yako ya mwisho kazini ilikuwaje?" halafu rudi nyuma siku kwa siku. Wasailiwa watatu wa mwisho wakiwa hawaongezi jambo jipya, unaweza kusimama.

Dodoso lenyewe sasa. "Mshahara wangu na mazingira ya kazi ni mazuri: nakubali / sikubali." Aliyeridhika na mazingira lakini analia na mshahara aweke tiki wapi? Hayo ni maswali mawili, yatenganishwe. Maswali yaliyotoka kwenye Kiingereza yana mtego wake: "sina uhakika" si sawa na "sikubali wala sikatai", maana wa kwanza hajui na wa pili anajua kwamba yuko katikati. Mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajayaona ya mwanzo ayarudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisheni. Baadaye lijaribu dodoso kwa watu 15 hivi ambao hawatakuwemo kwenye utafiti, wakijaza huku wakisema kwa sauti wanavyolielewa kila swali. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya jambo moja yanavyokubaliana, ikifika 0.70 wengi hushusha pumzi, ikifika 0.97 mimi hushtuka, kwa kuwa mara nyingi ni swali lile lile limeulizwa mara nane.

Afisa utumishi asiyakusanye madodoso. Bahasha ifungwe na mjazaji mwenyewe. Pia mtu yule yule akimpima bosi wake na nia yake ya kuondoka kwenye karatasi moja, hasira ya siku hiyo itapaka rangi majibu yote, na uhusiano utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Nani aliondoka kweli, lichukuliwe kwenye mafaili miezi mitatu baadaye.

Ukitaka kujua kama mafunzo ya wageni yanasaidia, piga kura ya bahati nasibu: maduka matatu yaanze, matatu yasubiri. Kundi la kulinganisha ndilo lililokosekana kwenye chumba maarufu cha majaribio cha kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kuanzia 1927. Wanawake watano waliounganisha rilei (swichi ndogo za umeme) za simu walibadilishiwa mapumziko, saa na mfumo wa malipo, wawili wao wakaondolewa katikati na kuletwa wengine. Uzalishaji ulipopanda, ubishi wa kilichoupandisha haujaisha. Ila kumbuka kilichopigiwa kura ni maduka, hivyo una vitu sita vya kulinganisha, si 184. Sema hivyo kwenye ripoti.

Wakati wa kuingiza data, andika namba kwa kalamu juu ya kila dodoso kwanza. Swali lililoachwa wazi wengi huliwekea namba 99, kisha wanasahau kuiambia programu kwamba 99 ni pengo. Kwenye madodoso 120 yenye wastani wa 3.4, hizo 99 zikiwa nne wastani unaruka hadi 6.6 kwenye kipimo kinachoishia 5, na kila mtu anacheka na kusahihisha. Ikiwa moja tu, wastani unakuwa 4.2, na hakuna anayeshtuka.